Saa Iko Kwenye Chaji

"Niko chini, bibie," aliniambia kwenye simu, na mimi mjinga nikakimbilia kioo. Nikaongeza wanja, nikajipulizia marashi mpaka nikapiga chafya, nikidhani kufumba na kufumbua atakuwa mlangoni.

Thubutu! Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, na lifti kwenye jengo letu ni kitu cha kusikia kwa watu. Nikafungua mlango nusu, nikatega sikio. Nilimsikia anapanda, anasimama, anapanda tena. Kila ngazi zinapogeuka alisimama muda ambao mtu angeweza kufunga kamba za viatu vyake na za jirani yake. Nikajiambia anaweka sawa kola ya shati. Nikajiambia ana haya, ndiyo mara yake ya kwanza kuja kwetu. Ukimpenda mtu, hukosi jibu la kumtetea.

"Mgeni wako amepotea njia?" Mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Anakuja, mama. Si unajua anaitwa Taratibu!"

Jina hilo walimpa wasusi wenzangu pale saluni. Gereji yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na kiti changu cha kusukia, na yeye alikuwa fundi wa kupuliza rangi za magari. Alinitazama kutoka kule muda mrefu kabla hajavuka kuja kunisalimia. Alipovuka, alitembea kama mtu anayehesabu vigae. "Huyu kaka akiendelea hivi utavaa shela na mvi," walinicheka. Mimi nilimpenda kwa huo utaratibu wake. Nilishachoka na wanaume wa mbiombio, leo anakuita malkia, kesho hapokei simu. Kumbe maskini wa Mungu hakuwa anajivuta. Pumzi ndiyo ilikuwa haimtoshi.

Miaka yote alipuliza rangi kwenye chumba kilichofungwa, puani amejifunga kitambaa tu. Daktari alimwambia mapafu yameota makovu, na makovu ya namna ile hayafutiki. Gereji wakamtoa kwenye bomba la rangi wakamweka kwenye duka lao la rangi awe anachanganya, maana jicho lake kwa rangi lilikuwa halina mpinzani. Daktari akamwambia na jambo jingine: oksijeni kwenye damu ya mtu mzima wa afya hukaa tisini na tano kwenda juu. "Wewe ukishuka chini ya tisini," alimwambia, "usikae nyumbani kunifikiria. Njoo."

Ndipo nikamnunulia ile saa. Saa janja, yenye laini yake ya simu. Ukiivaa, inamulika taa nyekundu kwenye ngozi ya mkono, inasoma oksijeni, kisha inanitumia namba kwenye simu yangu popote nilipo. Nilijiona nimemaliza. Nilijiona nimemfungia malaika mkononi.

Malaika gani! Ilikuwa adhabu. Nimeshika kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu kimesimama, simu inalia: themanini na nane. Utafanya nini? Utamwacha dada wa watu na kichwa nusu? Nilikuwa nampigia kwa kidole kimoja chenye mafuta.

"Unajisikiaje?"

"Salama. Mkanda ulilegea tu."

"Kaza mkanda upime tena."

Themanini na saba. Na mimi kule, kitana mdomoni, naona kila kitu na siwezi chochote. Ni heri ningekuwa sioni.

Sasa mama yangu. Baba yangu alikuwa mpasua mawe, na vumbi la mawe lilimkaa kifuani miaka tisa kabla hajatutoka. Miaka yote hiyo mama ndiye aliyemuuguza. Nilipomwambia nimepata mchumba na mchumba ana kifua, hakupiga kelele, na mama yangu ni mtu wa kelele. Aliweka sufuria chini, akakaa.

"Mwenye kifua simtaki," alisema.

Nililia, nikanuna, nikagoma kula. Mwisho akanipa sharti. "Hiyo saa unayojisifia nayo, inasema kweli?"

"Inasema kweli, mama. Daktari mwenyewe amesema inasaidia."

"Basi nipe mwezi mmoja. Ikisema mwezi mzima huyo mtu ni mzima, nitampokea. Ikisema vingine, usimtaje tena ndani ya nyumba hii."

Sharti hilo nilimpelekea Taratibu kama lilivyo. "Sawa," alisema. "Tutaona."

Basi namba zikaanza kupanda! Tisini na saba. Tisini na nane. Nilidhani ni dawa mpya, nikamshukuru Mungu na mwenye duka la dawa. Kila asubuhi nilikuwa nampelekea mama simu kwenye chai, na mama, pamoja na ukali wake wote, akaanza kuulizia mwenyewe: "Mwenzetu leo ameamkaje?" Saa ilikuwa inaonyesha mpaka hatua alizotembea, na hatua zenyewe zilikuwa nyingi kuliko za mchuuzi wa maji. "Anafanya mazoezi, mama!" nilijitapa. Tukikutana aliivaa, lakini nikitaka kupima alinishika vidole. "Leo tusipimane. Leo tuongee." Na mimi nikayeyuka. Mwezi ulipotimia, mama akasema aje Jumamosi mchana.

Ndiyo Jumamosi hiyo.

Alipotokeza mlangoni alikuwa ameshika mfuko wa machungwa, paji la uso limelowa. Macho yake yalinitazama kwanza. Ana macho ya kuomba radhi hata asipokosa kitu, na mimi mbele ya macho hayo huwa sina ujanja.

"Umependeza," aliniambia. Neno moja, kisha akameza hewa.

"Ingia, mwenyewe anakusubiri."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, karibu kiti."

Alikaa kiti cha karibu kabisa na mlango, akaegemeza viwiko kwenye magoti. Mama alimimina chai, akamsogezea biskuti, akarudi kukaa mkabala naye. Kisha akafanya kitu alichokuwa hajawahi kumfanyia mgeni. Alinyamaza. Akawa anamtazama mabega, yalivyokuwa yanapanda na kushuka.

Nikajitia hamnazo. Nikaongea mimi kwa niaba ya wote. Nikaongea habari za ngazi zetu, habari za jua, habari za mteja aliyetaka nywele za rangi ya zambarau kwa ajili ya msiba.

"Na wewe hebu nyamaza kidogo," mama alisema. "Mgeni ana mdomo. Baba, nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mama." Akapumua. "Dada yangu... anakusalimia."

"Ndiye huyo mwalimu?"

"Ndiyo. Wa michezo."

"Mnakaa wawili tu?"

"Wawili tu. Wazazi... walishatangulia."

"Pole, mwanangu." Mama aliimaanisha pole hiyo, nilimsikia sauti. Kisha akanyoosha mkono. "Haya, nionyeshe hiyo saa. Mwezi mzima naisikia kwa mbali, leo niione na mimi."

Taratibu aliangalia mkono wake wa kushoto, kana kwamba naye anaitafuta. Shati lilikuwa la mikono mirefu, kifungo kimefungwa.

"Leo sikuivaa, mama. Iko kwenye chaji."

"Nyumbani?"

"Nyumbani."

"Ah. Si kitu," mama alisema, na mimi nikashusha pumzi.

Simu yangu ilikuwa mezani, karibu na birika. Ikalia mlio ule ule ninaoujua. Kabla sijanyoosha mkono, mama alikuwa ameshaichukua na kuisogeza mbali na macho ili aone vizuri.

"Mapigo ya moyo yako juu," alisoma polepole. "Mia moja hamsini na mbili." Akamtazama Taratibu. "Unakimbia kwenda wapi, baba?"

"Nimekaa, mama."

"Hata mimi naona umekaa."

Hakuna aliyecheka. Chai ikapoa. Haikuchukua muda, simu ikalia tena mkononi mwake.

"Oksijeni, tisini na nane. Sasa hivi." Mama aliiweka simu mezani taratibu sana, kioo juu, sote tuione. "Saa iko nyumbani kwenye chaji. Inampima nani? Ukuta?"

Nilitamani sakafu ifunguke. Nilimtazama mpenzi wangu nikimwombea apate jibu, jibu lolote, hata la kipuuzi, mimi ningelipokea na kulitetea. Hakutafuta. Aliinamisha kichwa.

"Inampima dada yangu," alisema. "Leo wana mashindano shuleni. Alisema atawahi kuniletea... kabla sijapanda. Hakuwahi."

"Tangu lini?" niliuliza. Sauti ilikuwa yangu lakini sikuitambua.

"Tangu sharti."

"Mwezi wote?"

"Nilikuwa naivaa nikija kwako tu."

Kumbe zile hatua! Kumbe yale mazoezi niliyojitapa! Nilikuwa najivunia mwalimu wa michezo anayekimbizana na watoto uwanjani, na niliyemnunulia saa amekaa dukani anachanganya rangi, hawezi kubeba ndoo. Macho yalinitoka pima. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikujua mkono uanze na lipi.

Mama alinyanyuka. Nilijua atamfukuza, nikajiandaa kusimama katikati. Alikwenda dirishani, akafungua vioo vyote, akarudi akapiga goti mbele ya kiti chake, akamshika vidole. Akamgeuza kucha kwenye mwanga. Zilikuwa na rangi ya bluu kwa mbali, rangi ambayo mimi nimeshika vidole hivyo mara ngapi na nikajifanya siioni.

"Inama mbele zaidi," alimwambia. "Mikono juu ya magoti, hivyo. Vuta kwa pua. Sasa toa kwa mdomo, kama unapoza chai. Usiharakishe. Tena."

Akawa anavuta naye na kutoa naye. Mimi nimesimama pale kama kabati. Baada ya muda mabega ya Taratibu yakatulia kidogo, na mama akarudi kwenye kiti chake, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Unalalaje?" alimuuliza.

"Nakaa. Na mito."

"Mingapi?"

"Mitatu."

"Mume wangu alifika minne." Mama alishusha sauti. "Nisikilize, baba. Sina ubaya na wewe. Una adabu, na binti yangu amekupenda, na hata mimi huu mwezi nilikuwa nimeshaanza kukuzoea kwenye simu. Ningekuchukia ingekuwa rahisi. Lakini nilianza kumuuguza mume wangu nikiwa na umri wa huyu. Nimekaa pembeni ya kitanda na glasi ya maji ambayo haisaidii kitu, namtazama mtu anagombana na hewa, mchana na usiku, miaka tisa. Kazi ile simpi mwanangu. Siwezi. Mkitaka kunichukia, nichukieni wote wawili."

"Hujanikosea, mama," alisema Taratibu. "Ningekuwa na binti... ningesema hivyo hivyo."

"Na uongo nimekusamehe."

"Ahsante, mama."

Nikapandwa na hasira, acha tu! "Hebu subirini! Mnapatana bei ya nani? Mimi sina mdomo? Mnanizungumzia kama kabati linalohama nyumba!"

"Kaa chini," alisema mama.

"Sikai! Mama, mimi si wewe, na yeye si baba!"

"Ni kweli." Machozi yalikuwa yamemjaa. "Na kifua chake si cha baba yako. Lakini ni ndugu yake, nakijua kwa sauti."

Taratibu alijishika kwenye kiti, akasimama. Alimshukuru mama kwa chai ambayo hakuinywa. Mimi alinitazama. Akatoka.

"Umeridhika?" nilimpigia mama kelele.

"Sijaridhika hata kidogo," alisema. "Mkimbilie. Asishuke peke yake."

Nilitoka bila viatu. Sikuhitaji kukimbia, maana alikuwa ameishia pale pale ngazi zinapogeuka, chini kidogo ya mlango wetu, ameegemea ukuta.

"Rudi ndani," alisema. "Utakanyaga vitu."

"Usinifundishe kukanyaga! Mwezi mzima! Mwezi mzima nilikuwa nabusu simu kila asubuhi, nikiona tisini na nane naibusu. Kumbe nabusu mapafu ya wifi yangu!"

Alicheka. Hakupenda, ilimponyoka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkunja. Nikamshika. Sikuwahi kuujutia utani kama nilivyoujutia ule. Alipopata nafuu tukakaa kwenye ngazi, mgongo wake umeegemea kifua changu ili akae wima. Moyo wake ulikuwa unagonga kama unataka kutoka.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nilimuuliza sikioni. "Mama sawa, mama tungemdanganya pamoja. Lakini mimi?"

Alikaa kidogo akikusanya hewa ya kunijibu. "Kabla ya hapo... ukinipigia asubuhi, ulikuwa unasema 'Ngapi?' Hata habari za kuamka... hukuniuliza. Ulikuwa unanitazama mkono kwanza. Uso baadaye."

"Nilikuwa naogopa!"

"Najua. Halafu mwezi huu ukaanza kuniimbia. Unanirekodia nyimbo. Na sauti yako mbaya." Alitabasamu, nilihisi shavu lake. "Nikasema basi... acha niimbiwe."

"Ningejua ningekupeleka hospitali."

"Nilikwenda. Wiki iliyopita, na dada." Akavuta hewa. "Walinipa dawa zile zile. Ungejua... ungefanya nini?"

Nilifikiri. Naapa nilifikiri kwa nguvu zangu zote. Nina mikono inayoweza kusuka nywele laini kama uzi wa buibui, nina mdomo unaoweza kumwamsha mwenye nyumba na kumrudisha kulala. Sikupata hata kitu kimoja. Nilimshika tu, nikalilia shingo yake, na yeye akawa ananipigapiga mkono kunibembeleza mimi niliye mzima.

"Niache," alisema. "Bado una miaka ya kupata mtu wa kawaida."

"Mtu wa kawaida aniite malkia leo, kesho asipokee simu? Koma."

"Mama yako anasema kweli."

"Mama yangu anasema kweli na mimi nakupenda. Vyote viwili vipo. Sasa nifanyeje?"

Hakujibu. Kwanza nilidhani anafikiri. Kisha kichwa chake kikawa kizito begani kwangu.

"We! Usilale! Niongeleshe!"

"Nipo," alisema. Sauti ilitoka mbali.

"Mama!" nilipiga ukelele uliofungua milango ya ghorofa nzima. "Mama njoo!"

Mama alikuwa ameshatoka. Alikuwa na simu sikioni, anamfokea jirani yetu wa chini mwenye taksi. "Hata kama una abiria, mteremshe! Geuza gari sasa hivi, na uje na kijana mwenye nguvu wa kusaidia kubeba!" Akakata, akakaa ngazi ya chini yetu, akafungua vifungo vya juu vya shati la Taratibu na kumpepea kwa khanga. "Gari inakuja, baba. Poza chai. Kama nilivyokuonyesha. Poza."

Tukasikia miguu inapanda mbio kutoka chini, tukadhani ni dereva. Alikuwa dada yake. Alikuwa na raba, filimbi inaning'inia shingoni, jasho la uwanjani halijamkauka. Alipanda zile ngazi mbilimbili na alipotufikia hakuwa anahema. Nilimchukia kwa hilo. Hajanikosea kitu, msichana wa watu, lakini nilimchukia kwa hewa aliyokuwa nayo.

"Kaka! Nisamehe, fainali imechelewa kuisha." Alituona vizuri, akaweka mkono mdomoni. "Amefanya nini?"

"Amepanda ngazi," alisema mama. "Vua hiyo saa umvishe mwenyewe."

Dada alihangaika na kifungo mpaka mama akamsaidia. Wakamvisha, mkanda ukakazwa kwenye mkono wake uliokonda. Ile taa nyekundu ikawaka kwenye ngozi yake.

"Usimtikise," dada alininong'oneza. "Ukimtikisa haisomi. Na asiongee."

Basi tukakaa. Watu wanne kwenye ngazi, hakuna anayesogea, na milango iliyofunguka haina sauti. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu sasa, akiwa ameleta simu yangu kutoka mezani, akaniwekea kiganjani. Nilimshika Taratibu asitikisike na nilikuwa natetemeka mimi. Nilikuwa natamani namba na naiogopa namba. Nilitamani saa iendelee kutafuta mpaka gari ifike, mpaka kesho, mpaka tuzeeke pale pale.

Simu ikalia.

Sabini na tisa.

Niliisoma mara mbili. Sikuwahi kuiona namba inayoanza na saba, hata zile siku mbaya za mwanzo. Dada yake aliiona kwenye saa, akageuza uso ukutani, mabega yakaanza kutikisika bila sauti kama anacheka, na haikuwa kucheka.

"Ngapi?" aliuliza Taratibu. Macho alikuwa ameyafumba. Alikuwa hana nguvu ya kuinua mkono aangalie mwenyewe.

Sijui nilitoa wapi sauti iliyonyooka vile. "Tisini na sita," nilisema. "Ni uchovu tu, mpenzi. Tisini na sita."

Uso wake ulilegea kidogo. Kisha nyusi zikakutana. Yeye ni mtu aliyedanganya mwezi mzima, anaujua uongo kwa harufu. Akageuza kichwa upande wa nyuma, alikosimama mama.

"Mama," alisema. "Eti kweli?"

Mama yangu hajui kudanganya. Ni mtu wa kumwambia bibi harusi siku yenyewe kwamba gauni limembana. Na alikuwa ameiona namba, maana alikuwa ameinama juu ya bega langu, pumzi yake shavuni kwangu. Chini barabarani honi ya taksi ililia, na miguu ya wanaume ikaanza kupanda.

Mama aliweka kiganja chake juu ya kichwa cha Taratibu, akakiacha pale.

"Mkeo akikwambia kitu," alisema, "uwe unamwamini."

Taratibu alitabasamu bila kufumbua macho. Neno hilo nilikuwa nimeligombania kwa kulia, kwa kununa na kwa kugoma kula, na nilikuwa nimeapa siku nitakapolisikia nitapiga vigelegele mpaka gereji wasikie. Sasa limesemwa, tena na mama mwenyewe, mbele za watu. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi miguu mitupu, nimemshika, nawasikia watu wanapanda kuja kumbeba, na sikuweza kutoa hata sauti.